Muulize Fundi: “0.5 imeimeza Kreta ya Ngorongoro”

Mwezi uliopita niliandika hapa, mistari mitatu tu, kwamba ile 0.5 ya kwenye simu, kitufe cha lenzi pana, imeharibu picha nyingi za safari kuliko mvua na vumbi. Nilijitakia. Barua zimeingia, na ujumbe wa sauti, mmoja wa dakika saba, mpaka mhariri akaniambia nichukue kurasa zote mbili nijibu mwenyewe. Wengine mmenitukana kistaarabu, nimewasamehe. Kwa wageni wa safu hii: studio yangu ilikuwa Tanga, picha za pasipoti mchana na harusi usiku, filamu ya picha 36. Lenzi yangu pana ya kwanza ni ya milimita 20 (milimita zikipungua, lenzi inaona mapana zaidi). Niliinunua ikiwa imeshatumika, ina ukungu kidogo kwa ndani, na bado ninayo. Kwa hiyo lenzi pana sizichukii. Ugomvi wangu ni jinsi mnavyozitumia.

Shikamoo Fundi. Tulikwenda Ngorongoro na kikundi chetu cha akina mama, tumechangishana miezi minane. Pale juu ukingoni machozi yalinitoka kwa uzuri. Nikapiga kwa 0.5 ili nisiache kitu. Nimerudi nyumbani, namwonyesha mume wangu, ananiuliza, “Hili ndilo shimo lenyewe?” Ni anga, mstari, na majani. Kosa ni la simu?
*Mama wa Nyakato, Mwanza*

Marahaba, mama. Simu imefanya ulichoiomba. Ulitaka isiache kitu, haikuacha. Sasa kila kilichoingia kimebidi kijibane.

Lenzi ya milimita 50, ile tuliyoiita ya kawaida zamani, inaona pembe ya nyuzi kama 46 kutoka kona hadi kona. 0.5 ya simu nyingi inaona kama 120. Ukihama kutoka 1, lenzi kuu ya simu, kwenda 0.5, mlima ulioko mbali unapungua urefu kwa nusu, papo hapo, bila wewe kusogea hata hatua. Kreta ile ina kina cha mita kama 600 na chini yake ni kilomita za mraba kama 260. Ulipokuwa umesimama, macho yako hayakuiona yote kwa mara moja, yalitembea. Yalishuka kwenye ziwa, yakapumzika kwenye kivuli cha wingu, yakapanda ukuta wa ng'ambo. Moyo ndio uliojumlisha. Simu haijumlishi, inakunja. Halafu hiyo picha uliyoikunja mumeo ameiona kwenye kioo cha upana wa sentimita saba, picha imelazwa, kubwa kidogo kuliko boksi la kiberiti. Unategemea aseme nini?

Na mimi nimepita hapo hapo. Mwaka nilioinunua ile 20 nilipanda basi hadi Lushoto, nikatembea mpaka Irente, pale kwenye jabali ambapo chini unaiona Mazinde na nyika isiyo na mwisho. Nilikuwa na filamu moja. Nikapiga picha 33 za nyika. Mikono ilikuwa inanitetemeka kwa furaha, nikijiambia lenzi hii imemaliza kazi, dunia yote imo. Njiani kurudi palikuwa na mama anauza matunda damu na mapeasi, amekaa kando ya njia na mgongo wake kwenye bonde. Nikanunua, tukazungumza, nikamwomba nimpige picha na kikapu chake. Kwa lenzi ile nililazimika kumsogelea hadi magoti yangu yakagusa kikapu. Nilipiga tatu, filamu ikaisha.

Niliposafisha, zile 33 zote zilikuwa za kwako: anga, mstari, majani. Zile tatu za mwisho zilikuwa na matunda damu makubwa kama ngumi mbele, mikono ya mama yule inapanga, uso wake katikati, na nyuma yake Irente yote imefunguka mpaka mawinguni. Nyika ileile iliyokuwa mstari, sasa ilikuwa kubwa, kwa sababu palikuwa na tunda la kuipimia.

Lenzi pana si ya kuingiza vitu. Ni ya kusogelea kitu kimoja mpaka uone haya, ukaacha mahali pote paonekane nyuma yake. Watu wanaitumia kama gunia. Itumie kama mtu anayenong'ona: huwezi kumnong'oneza mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Sasa kwako. Akina mama wa kikundi hawasafiri bila sare, hilo nina hakika nalo. Ungemsimamisha mwenzio mmoja mita moja na nusu kutoka kwako, karibu na katikati ya picha, kitenge kikipepea kwa upepo wa pale juu, anatazama chini kretani badala ya kutazama simu. Au ungechuchumaa kwenye majani yenye umande, yale yale uliyoyalaumu, simu ikiwa shibiri mbili kutoka kwenye ua moja. Na kama ulitaka kreta peke yake bila mtu wala ua, basi 0.5 si yake. Rudi 1, au 2, uchague kipande: ziwa na kivuli cha wingu kinachopita. Kipande kitamfanya mumeo aulize “na huku pembeni pakoje?” Hapo ndipo unaanza kumsimulia.

Jambo moja la kweli kuhusu simu: nyingi, hasa za bei ya kati, 0.5 yake haiwezi kufokasi, yaani kujirekebisha kulingana na umbali wa kitu. Imefungwa mahali pamoja kiwandani. Ukiisogeza karibu mno na ua, litatoka kama limepakwa mafuta. Jaribu nyumbani na kikombe cha chai, uone yako inakubali mpaka umbali gani, ndipo usafiri.

Fundi, nisaidie, kuna kesi nyumbani. Idi tulikusanyika Wete, watu 19. Ua wa babu ni mdogo, nikawapanga mstari ukutani, nikapiga 0.5. Shangazi alikaa mwisho kabisa kushoto. Amejiona kwenye kundi la familia, na tangu hapo hasemi na mimi. Anadai nimemnenepesha makusudi.
*Mshitakiwa, Dar es Salaam*

Shangazi yako ana haki. Umemnenepesha, ila si makusudi.

Chukua tochi usiku, ielekeze ukutani ikiwa imenyooka. Unapata duara. Sasa ipinde, mwanga uende ukutani kwa ubavu. Duara limekuwa yai. Tochi ni ileile, ukuta ni uleule; mwanga umefika kwa mshazari. Ndani ya kamera mambo ni hayo hayo. Aliye katikati, mwanga wake unafika umenyooka. Aliye pembeni, unafika kwa mshazari, unajinyoosha. Ukuta wa babu haukuharibika kwa sababu ni bapa. Kichwa cha binadamu ni mpira, na mpira ukiwa pembeni ya lenzi pana hutoka kama yai lililolazwa. Bega, shavu, vyote vinavutwa kuelekea kona.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani kwangu: pembeni anakaa mlimao, mlango, pipa la maji, kuku. Hakai mkubwa wa familia. Ukiwa na watu 19 na ua mdogo, usiwanyooshe mstari. Wabane katikati, safu tatu: watoto chini mkekani, wazee kwenye viti, vijana nyuma wamesimama. Kisha fungua mlango wa ua, rudi nyuma mpaka njiani, upige kwa 1 kupitia mlangoni. Fremu ya mlango inakuwa pambo. Ikishindikana kabisa na ikabidi 0.5, acha nafasi kubwa kila upande, uje uikate baadaye.

Na wale wanaopenda kumpiga mtu uso kwa 0.5 kwa karibu: pua inakuwa mhogo. Hilo si kosa la lenzi, ni umbali. Pua imekuwa karibu na wewe kuliko masikio, kwa kiasi kikubwa. Rudi hatua mbili, pua inarudi kwao.

Nenda na halua, mpige picha shangazi peke yake, kwa 2, kivulini, asubuhi. Ile ya mwanzo ifute kwenye kundi kama bado inafutika.

Mbona nyumba zote za Mji Mkongwe kwenye picha zangu zinaanguka kinyumenyume? Nilipiga nikiwa nimesimama wima kabisa, na sikunywa kitu.
*Bwana Mdogo, Arusha*

Wewe ulisimama wima. Simu haikusimama wima.

Ukiiinua ili upate paa, kuta zinaanza kukutana juu kama miti ya hema. Lenzi yoyote hufanya hivyo; lenzi pana hulipigia jambo hilo ngoma. Na vichochoro vya Mji Mkongwe havina pa kurudi nyuma, kwa hiyo mkono unajiinua wenyewe. Washa mistari ya gridi kwenye kamera. Shika simu kwa wima wake, isiinamie mbele wala nyuma, ukilinganisha ukingo wa nyumba na mstari wa gridi. Paa litaingia lenyewe, kwa maana 0.5 ikishikwa hivyo inaona juu sana. Tatizo litahamia chini: nusu ya picha itakuwa njia tupu. Wengi wanakata hiyo nusu. Mimi nawaambia hapo ndipo penye kazi. Tafuta kitu cha kuikalia: ngazi ya baraza iliyolika kwa kukaliwa, maji ya mvua yaliyotuama yenye roshani ndani yake, paka. Mji Mkongwe paka hawakosekani.

Unaweza pia kuzinyoosha kuta baadaye. Snapseed ina kifaa cha kunyoosha mtazamo, na haidai pesa. Ila kila unaponyoosha, kona zinaliwa, kwa hiyo piga ukiwa umeacha nafasi.

Nikwambie kwa nini nalisisitiza. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, nililipiga picha mara moja tu kwa ile 20, kutoka Forodhani, kwa haraka, kwa sababu boti ya kurudi ilikuwa karibu kuondoka. Kamera nimeiinua, mnara umelala kama mlevi. Nikasema nitarudi niipige vizuri. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka, na mnara wake. Ninayo ile moja.

Ammi, salaam aleikum. Mimi nimezaliwa Muscat, nyumbani tunasema Kiswahili, bibi yangu wa Unguja. Najaribu kuipiga ile thurea kubwa, taa ya kuning'inia, ya Msikiti wa Sultan Qaboos nikiwa chini yake, kila mara inatoka upande. Nimejaribu hata kulala chini, mlinzi akaniinua.
*Kijana wa Ruwi*

Waaleikum salaam, mwanangu. Mlinzi kafanya kazi yake. Msikiti si studio.

Kile chumba cha sala ni mtihani wa lenzi pana, kwa sababu kila kitu ndani kimepangwa kwa ulinganifu: kuba, thurea yenyewe ya mita 14, zulia la kipande kimoja la zaidi ya mita za mraba 4,000. Chini ya kuba, ukikosea nusu hatua, jicho linajua. Na mkono wa mtu aliyeinua kichwa juu hautulii.

Fanya hivi, nje ya wakati wa sala na mahali unaporuhusiwa kukaa. Kaa kama watu wanavyokaa. Tandika leso yako, weka simu juu yake ikiwa kifudifudi, kioo chini, kamera za nyuma zikitazama juu. Kabla ya kuilaza, chagua 0.5 na uweke muda wa sekunde 10. Bonyeza, ilaze, jiegemeze nyuma kidogo uso wako usiingie. Uzuri wake ni kwamba uvimbe wa kamera uko juu, kioo kiko chini, na kioo ni bapa: simu imelala sawasawa kabisa, hakuna mkono uwezao kuishika hivyo. Tazama ulichopata, sogeza leso vidole viwili, rudia. Mara ya tatu au ya nne utaipata. Taa zikiwa zinawaka, ipunguzie mwanga kwanza, vinginevyo thurea itakuwa donge jeupe.

Miguu mitatu ya kamera iache garini.

Fundi, jambo hili limenikosesha raha. Nilikuwa kwenye boti ya kwenda Unguja, nikapiga bahari na sitaha kwa 0.5, nikaweka stetasi. Jioni nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua, amepewa namba yangu na rafiki yangu. Mkewe alikuwa kwenye ukingo wa picha ananyonyesha. Mimi wallahi sikumwona. Nilifuta. Nilikosea wapi, kama picha ilikuwa ya bahari?
*Abiria, Mbagala*

Barua hii niliisoma mara mbili, kisha nikatoka nje kidogo.

Ulikosea mahali ambapo karibu sote tumekosea. Mtu anayekaa mbele ya lenzi ya kawaida anajua anapigwa, kamera inamtazama. Mtu aliye ukingoni mwa lenzi pana anaona simu imeelekea baharini, anaendelea na mambo yake. Hana sababu ya kujifunika. Yeye hayumo, kwa kadiri anavyojua. Lakini nyuzi 120 ni nyingi: walio mbele yako ni wachache tu kati ya waliomo, wengine wako karibu na mabega yako.

Nilipokuwa kijana nilipiga mnada wa samaki kwenye mwalo wa Deep Sea, Tanga. Nimeinamia tenga la vibua, mikono ya wanunuzi inaingia kutoka kila upande, picha safi sana. Nikaichapisha kubwa, nikaitundika kwenye dirisha la studio. Siku ya tatu akaja mzee mmoja, hakugomba. Aliomba maji, akanywa, akauliza, “Kijana, picha ile dirishani shilingi ngapi? Na filamu yake pia.” Nikafurahi, nikadhani nimepata mnunuzi wa sanaa. Kumbe pale ukingoni, anacheka na kofia yake, ni yeye. Na wiki ile kuna mtu anayemdai alikuwa ameambiwa kwamba mzee amesafiri, yuko Pangani. Aliyemdai anapita mbele ya studio yangu kila asubuhi kwenda sokoni.

Nilimpa picha, nikakata kipande cha filamu nikampa nacho. Pesa sikuchukua. Alikuwa amesimama karibu nami kabisa wakati napiga, tukaombana samahani kwa kukanyagana, na hakuna kati yetu aliyejua yumo.

Sasa hivi mambo ni mazito kuliko dirisha la studio. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; sura ya mtu si kitu cha kuchezea. Lakini usingoje sheria. Kabla ya kurusha picha yoyote ya 0.5, ikuze kwa vidole viwili, uzunguke ukingo wake wote, kona nne, kama mtu anayekagua mkeka kabla ya kuukalia. Ukimkuta mtu asiyejua kwamba yumo, kata. Picha pana inakatika kirahisi, ina nyama ya kutosha. Kwenye kivuko, hospitali, msibani, bafu za ufukweni, mimi 0.5 siifungui kabisa. Na penye kambi ya jeshi au kituo cha polisi, kumbuka kwamba geti lililo pembeni nalo linaingia, hata kama wewe ulikuwa unapiga mbuyu.

Mpigie yule bwana, si ujumbe, mpigie. Mwombe radhi tena, na yeye amfikishie mkewe.

Picha zangu kwenye simu ni kali kama wembe. Nikizirusha WhatsApp zinakuwa uji. Nifanyeje? Na je, ni kweli picha pana ni bora kuichapisha kuliko kuiposti?
*Mwalimu wa Kemia, Eldoret*

Uji unatokana na kubanwa: WhatsApp inaipunguza picha ili isafiri haraka. Picha pana ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu uzuri wake uko kwenye vitu vidogo vingi, na vidogo ndivyo vinavyosagwa kwanza. Tangu 2023 kuna alama ya HD juu ya picha kabla ya kuituma, ibonyeze. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama hati badala ya kuituma kama picha. Ila angalia: ikienda kama hati inaenda na kila kitu, pamoja na mahali ulipoipigia kama simu yako inarekodi mahali. Picha ya ua la nyumbani kwako inaweza kumpeleka mtu mpaka mlangoni. Zima kurekodi mahali kwenye mipangilio ya kamera.

Stetasi ni ya wima. Ukiweka picha iliyolazwa, inakuwa utepe katikati ya weusi. Kwa hiyo unapojua safari hii nitaiposti, piga baadhi kwa wima. 0.5 ya wima ni kitu kitamu na watu hawaitumii: kuanzia vidole vya miguu yako mchangani mpaka wingu lililo juu ya kichwa chako. Instagram nako wima wa 4 kwa 5 unachukua nafasi kubwa zaidi ya kioo kuliko picha iliyolazwa. Na tafadhali, picha tano. Mpwa wangu alinirushia 64 kutoka Naivasha, zote za ziwa, kwa bando langu.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo nililokuwa nikilisubiri, na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa sayansi nitakupa hesabu. Kila picha ina umbali wake wa kuitazamia, ambapo mambo yanaonekana kama alivyoyaona mpigaji. Unazidisha milimita za lenzi kwa idadi ya mara picha ilivyokuzwa. Picha moja kwenye filamu yangu ina upana wa milimita 36. Nikiipeleka kwenye kioo cha simu chenye sentimita 7, nimeikuza karibu mara mbili. Mara mbili ya milimita 20 ni milimita 40 hivi. Maana yake picha ya lenzi ya 20 kwenye simu inataka macho yako yawe sentimita 4 kutoka kwenye kioo. Hapo pua imeshagonga. Hakuna anayetazama hivyo, ndiyo maana kila kitu kinaonekana kimevutwa na kimekimbilia mbali. Nikiichapisha kwa ukubwa wa A3, upana sentimita 42, umbali unakuwa kama sentimita 23. Hapo mtu anasimama bila shida, anainama kidogo kama anayesoma tangazo la kazi.

Ile picha ya mama wa mapeasi niliichapisha A3 nikaiweka kwenye koridoo ya studio, iliyokuwa nyembamba mno, wateja walikuwa wanaipita bega kwa bega. Hawakuwa na jinsi ya kuitazama kwa mbali. Watu wazima walisimama pale wakashika ukuta. Picha hiyohiyo mwanangu ameiskani akaiposti, ikapata pongezi kumi na moja, mbili zangu.

Basi jibu ni ndiyo. Chapisha moja kwa mwaka, kubwa, itundike mahali pembamba.

Nimepata kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 14, kioo kimetokeza kama jicho la chura. Naipelekaje fokasi safarini? Na filta ya polaraiza naifunga wapi?
*Dereva wa Watalii, Karatu*

Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa picha ya filamu: weka f/8, yaani tundu la lenzi liwe dogo kiasi, peleka fokasi kwa mkono kwenye mita moja, kisha gundisha kipande cha utepe isihame. Kuanzia karibu nusu mita mbele yako hadi mawinguni kutakuwa na ukali. Siku nzima huigusi tena. Hiyo ndiyo raha ya 14.

Polaraiza huna pa kuifunga, na ushukuru. Filta ile inatia giza anga zaidi upande ulio pembe mraba na jua, na lenzi yako inaona anga pana kiasi kwamba sehemu moja ingekuwa bluu nzito na nyingine nyeupe, kama shati lililochujuka.

Usiku ukiwa Ziwa Natron na wageni wako na nyota zimejaa: gawa 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde. Kwa 14 ni kama 35. Mimi ningeishia 25, nyota zibaki nukta. Moto wa kambi au tenti yenye taa hafifu iwe karibu mbele, yale yale niliyomwambia mama wa Nyakato. Na kioo hicho cha chura kinapigwa na kila tawi la mgunga. Kifuniko kisitoke mpaka umeshuka garini.

Vile vilenzi vya kubana kwenye simu vinafaa?
*Msomaji, Bujumbura*

Kama simu yako ina 0.5, hapana. Kama haina, katikati patakuwa pazuri na kona zitakuwa ukungu, kwa hiyo weka jambo lako katikati. Mimi ningetumia panorama, nikizunguka taratibu, pasipo na watu wanaotembea. Anayetembea kwenye panorama hutoka na miguu mitatu.

Fundi, nimekutumia picha mbili za ufukwe wa Pangani. Ya kwanza ina kitu cheusi kwenye kona, kama panzi amekaa kwenye lenzi. Ya pili ina kitu kama boga chini, mchangani. Nimesafisha kioo mara tano, havitoki. Simu ni mbovu?
*Binti wa Korogwe*

Panzi ni kidole chako cha shahada. Shika simu kwa kingo, vidole vyote vikiwa mbali na kamera, 0.5 inaona mpaka vilivyo ubavuni mwake. Boga ni kivuli cha kichwa chako, jua lilikuwa mgongoni na lilikuwa limeshuka. Ingia kwenye kivuli cha mnazi, chako kitapotelea humo. Hiyo kofia uliyovaa ni ya ukindu? Nimeona hata nyuzi zake.